Muulize Babu Usukani: Ukionja shambani, lala shambani

Mwezi huu barua zimekuja za aina moja tu. Niliteleza nikataja hapa kwamba likizo yangu niliitumia kuzunguka mashamba ya mizabibu na mama watoto ndani ya gari-nyumba, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena habari za matairi. Kwa wageni wa ukurasa huu: nimezaliwa Mpunguzi, Dodoma, ambako baba alikuwa na ekari moja na nusu ya zabibu. Leo naishi Sacramento, California, naendesha lori la mizigo kwenda Reno na kurudi. Gari-nyumba langu ni la mtumba, futi 24, lina choo, jiko la gesi la mafiga mawili, na pazia ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Haya, tuanze.

*

Shikamoo Babu. Mimi na mume wangu tunaishi Houston. Septemba tunakodi gari-nyumba la futi 31 tukazunguke mashamba ya mvinyo ya Napa, California, siku tano. Ratiba nimeshaipanga: mashamba manne kwa siku, jumla ishirini. Mume wangu anasema nimezidisha, mimi nasema nauli tumeshalipa. Nani yuko sahihi? – Mama Mipango, Houston

Marahaba mwanangu. Mume wako yuko sahihi, ila ukurasa huu usimwonyeshe mpaka mmeshafika.

Tupige hesabu. Mvinyo wa kuonja humiminwa kama mililita 30, na mhudumu mwenye mkono mwepesi hufika 60. Shamba moja huonjesha aina tano hivi. Chukua kipimo cha chini: tano mara thelathini ni 150, yaani glasi nzima ya mezani. Mashamba manne ni glasi nne kabla jua halijazama, tena hapo mmekutana na wabahili watupu. Kisha mmoja wenu apande kwenye chombo cha futi 31, arudi nyuma kwenye kijinjia cha shamba huku mwenzake akipiga makofi na kusema njoo, njoo, njoo? Hapana.

California kikomo cha kilevi kwenye damu ni asilimia 0.08, ukiwa kwenye gari la biashara ni 0.04. Mimi nikitiwa hatiani kwa kuendesha nimelewa, hata kama nilikuwa kwenye gari langu mwenyewe, likizoni, nimevaa kaptula na malapa, leseni ya kazi inafungiwa mwaka mzima. Mwaka mzima huo ni ada za watoto. Ndiyo maana kwetu sheria ni moja: shamba moja kwa siku, na liwe lenye mahali pa kulala. Tukifika naegesha, naweka gogo kwenye tairi, mke wangu anachukua funguo anazitia ndani ya sufuria ya ugali na kufunika. Zinatoka asubuhi, chai ikishanywewa.

Na faida ya gari-nyumba ni hiyohiyo. Mtu wa hoteli akimaliza kuonja anaanza kuhangaika na usafiri. Wewe kitanda chako kiko hatua thelathini kutoka kwenye mapipa. Marekani kuna mpango unaitwa Harvest Hosts. Unalipa ada ya mwaka, unapewa orodha ya mashamba na viwanda vya mvinyo vinavyokubali ulale usiku mmoja bila kulipia maegesho. Gari liwe na choo chake na tangi lake la maji machafu, uombe nafasi mapema, ufike duka likiwa bado wazi, na ununue kitu. Umeme na maji usitegemee. Jenereta nayo, tafadhali. Watu wanalala pale, na wengine saa kumi alfajiri wako shambani wanavuna kwa taa za kichwani, maana zabibu huvunwa zikiwa na baridi.

Sasa Napa penyewe. Bonde ni jembamba, urefu wake kama kilomita 48, na barabara za maana ni mbili: ile ya 29 magharibi na Silverado Trail mashariki. Jumamosi alasiri ya Septemba ile ya 29 inatambaa. Ramani ya simu itakutongoza upite Oakville Grade uvuke mlima kwenda upande wa Sonoma, eti ni mkato. Na futi 31 usiiguse. Egesheni Bothe, hifadhi ya jimbo kati ya St. Helena na Calistoga, au Skyline kule pembeni mwa mji wa Napa, ila kabla ya kulipia ulizeni urefu wa gari unaoruhusiwa. Kisha liacheni hapohapo mkodi teksi. Mashamba mengi ya Napa hayapokei mtu asiye na miadi, na bei ni ya kukuzindua: pana mahali nimelipa dola 60 kwa kichwa, nikaonja kwa heshima zote hata tone la mwisho.

Mkitaka historia, nendeni Chateau Montelena, Calistoga. Mvinyo wao mweupe wa 1973, pamoja na mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka huohuo, ndiyo iliyoibuka ya kwanza, kila mmoja kwa rangi yake, kwenye shindano la kuonja mjini Paris tarehe 24 Mei 1976, mbele ya majaji wa Kifaransa walioonja bila kujua chupa ipi ni ya nani. Kabla ya siku ile nani alikuwa anaijua Napa?

Lakini ungekuwa binti yangu wa kuzaa ningekwambia siku mbili Napa, tatu Lodi. Lodi iko kusini mwa Sacramento, mwendo wa chini ya saa moja, ardhi tambarare kama uwanja wa ndege, maegesho tele. Huko nimewahi kulipa dola 15 za kuonja, na nilipochukua chupa mbili zikasamehewa. Mizabibu yake ni ya kizee. Shamba linaloitwa Bechthold, la zabibu aina ya Cinsault, lilipandwa 1886, mwaka uleule Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani yetu na kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi. Bado linazaa.

Tulipolala sisi palikuwa na mizabibu ya Zinfandel, zabibu nyingine nyekundu, ya kizee vilevile. Jioni nilichuchumaa mbele ya mzabibu mmoja. Hauna waya wala nguzo, unajisimamia. Shina nene kama paja la mtu mzima, limejisokota, gome linabanduka vipande virefu ukivuta kwa kidole, na juu ya uzee wote ule majani mabichi kabisa na vichala vidogo vilivyobanana. Nikachota udongo kiganjani: mchanga laini, ukapita katikati ya vidole ukaisha. Mwenye shamba akaniambia mchanga huo ndio uliowaokoa. Yule mdudu filoksera anayekula mizizi, aliyeiangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, kwenye mchanga hatembei. Baba yangu aliulaani mchanga wa Mpunguzi kila kiangazi mpaka anaingia kaburini.

*

Bonjour Babu. Siye ni familia ya Bukavu, tunaishi Brussels. Tumenunua kamping-kari ya zamani, tunataka kwenda Alsace na watoto watatu. Ni kweli kwamba kule wakulima wa mvinyo wanaacha watu walale kwao bure? Ama ni mtego wa kutuuzia? – Papa wa Watatu

Bonjour ndugu yangu. Si mtego. Mpango unaitwa France Passion, upo tangu 1993. Unajiandikisha kwa mwaka, unabandika stika kwenye kioo cha mbele, na mkulima anakupokea kwa saa 24 bila malipo. Kununua si lazima. Ila wewe ni mtu mzima, mmelelewa Bukavu: mtu akikupa kiwanja cha kulala, asubuhi unamsalimia na unachukua angalau chupa moja ya Riesling, mvinyo mweupe wa kwao.

Barabara ya mvinyo ya Alsace ilizinduliwa 1953, inaanzia Marlenheim mpaka Thann, kama kilomita 170. Wikendi moja unaimaliza, lakini haraka ya nini? Mimi nimeipita mara moja tu, na mdogo wangu wa Strasbourg, tukachukua siku tano na bado tukaruka vijiji. Vijiji kama Riquewihr na Eguisheim vizuri mno, ila vichochoro vyake vilichorwa kwa ajili ya punda. Gari liacheni nje, ingieni kwa miguu, watoto watafurahi zaidi.

Mambo mawili ya dereva. Ufaransa kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni changa ni 0.2, ambayo maana yake ni usionje kabisa. La pili ni uzito, na hili watu hawalifikirii. Leseni yako ya gari dogo inaishia tani 3.5, na kamping-kari ya zamani yenye watu watano, maji kwenye tangi na baiskeli nyuma inakaribia hapo kabla hujanunua kitu. Katoni ya chupa sita ni karibu kilo 8. Katoni kumi za kupelekea ndugu na majirani ni kilo 80, yaani umempakia mtu mzima asiye na mkanda. Mwageni maji ya tangi kabla ya kupakia, kwenye kituo maalumu, si shambani kwa watu.

*

Babu shikamoo. Dada yangu yuko Cape Town, ameniita tuzunguke Stellenbosch na gari lenye hema juu. Nasikia mvinyo ukionjwa unatemwa. Mimi nimelelewa Tanga, kutema mbele za watu ni utovu wa adabu. Ni lazima? Na wakiniuliza nasikia ladha gani nitasema nini? Naogopa kuonekana mshamba. – Binti wa Ngamiani

Marahaba. Si lazima, lakini tema. Pale anayetema ndiye anayeheshimiwa, maana wanajua amekuja kwa kazi. Na Afrika Kusini kikomo cha dereva ni kidogo kuliko cha California, gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, yaani asilimia 0.05, kwa hiyo mwambie dada aliyeshika usukani ateme kuliko wewe, au bora asionje kabisa.

Mara yangu ya kwanza nilitema kama anayesukutua baada ya mswaki. Nikainama, nikapasua, matone yakaruka kwenye kizibao cheupe cha mhudumu. Alikuwa bibi wa Lodi, nywele zote nyeupe, vidole vya mtu aliyepogoa mizabibu maisha yake yote. Hakukasirika. Alinipa kitambaa, akaniambia nikajifunze bafuni na maji. Nikaenda kweli kujifunza, wiki nzima, mke wangu akidhani naumwa meno. Siri iko kwenye mashavu: midomo ikaze kama unayetaka kupiga mluzi, ulimi urudi nyuma, kisha mashavu yasukume kwa mkupuo mmoja, utoke uzi mwembamba ulionyooka. Usipumue katikati. Ukiona aibu bado, omba kikombe cha karatasi, utemee humo umegeuka pembeni, kisha umwage kwenye ndoo. Hakuna atakayekutazama.

Habari ya ladha, sema unachokijua. Ukinusa ukakumbuka ukwaju, sema ukwaju. Mimi waliniambia nitafute harufu ya blakiberi, tunda nililoliona kwa macho nikiwa na miaka arobaini. Nikajibu kwamba mimi nasikia zambarau, zile zinazoacha ulimi na rangi ya wino, na kwa nyuma kama ngozi ya kiatu kipya cha shule. Yule bibi akaniomba nitamke zambarau pole pole, akaandika kwenye daftari lake. Wewe wa Tanga una machungwa, una karafuu za jirani, una mabibo. Utawafundisha.

Na ukiwa Stellenbosch usikose kuonja Pinotage. Ni zabibu yao wenyewe: mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha palepale alichanganya Pinot Noir na ile Cinsault niliyomwambia Mama Mipango. Wengine husema inanuka moshi. Mimi naipenda na nyama choma, tena ya mbuzi.

*

Assalaam alaykum Babu. Wifi zangu wananivuta tuende nao safari ya mashamba ya mvinyo huko kwenu California. Mimi pombe sinywi na sitaonja. Niende nikafanye nini? – Mwenye Msimamo, Seattle

Wa alaykum salaam dada yangu. Kwanza, usikubali kugeuzwa dereva wa walevi kwa sababu tu wewe hunywi. Waambie mapema: shamba moja, gari linalala hapo, kila mtu kivyake. Mashamba mengi yana jibini, zeituni na mafuta yake, na hutozwi pesa ya kuonja usipoonja, ila ulizeni wakati wa kuweka nafasi. Omba pia uonje zabibu yenyewe mtini. Ni ndogo, ganda gumu, mbegu tele, na tamu kupita hizi za dukani. Na kama dhamiri haitulii kukaa pale, isikilize. Lodi kuna ziwa dogo kwenye mto Mokelumne, wanakodisha mitumbwi midogo. Wakae na mapipa yao, wewe piga kasia.

*

Babu, nilinunua chupa sita nzuri, nikaziweka kwenye buti la chini la gari-nyumba. Nilipofika nyumbani vizibo vimejisukuma juu na mvinyo una ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Nimeibiwa? – Aliyeumia, Phoenix

Hujaibiwa, umepika. Buti la chini liko karibu na bomba la moshi, juu ya lami ya Arizona, Julai. Na mimi yamenikuta: katoni nzima, nyuzi joto 39, tulipofungua kulikuwa na dimbwi jekundu na taulo la mke wangu ndani yake. Habari za taulo zilichukua muda mrefu kuliko za mvinyo. Siku hizi kila chupa naiviringisha kwenye kanga kuukuu, nazilaza chini ya kitanda ambako upepo wa kiyoyozi unafika, na joto likizidi nanunua chupa mbili tu, zilizobaki shamba wanitumie kwa kampuni ya vifurushi msimu wa baridi. Kanga zinasaidia pia zisigongane kwenye matuta. Chupa iliyokwisha funguliwa isikae mbele kwa dereva hata kama ina kizibo. Polisi hatakuuliza ulikunywa lini.

*

Mbukwa! Babu, unasifia za wenzetu tu. Dodoma je? Ama umeshasahau ulikotoka? – Mgogo Mwenzako, Area C

Mbukwa, mbukwa ndugu yangu. Sijasahau. Gari-nyumba kwetu bado ni kitu cha kwenye picha, lakini Noah iliyotolewa viti vya nyuma ikawekwa godoro inafanya kazi ileile, na sheria ya sufuria ni ileile. Njoo Februari au Machi, au Agosti na Septemba, kwa sababu sisi hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukipogoa na kumwagilia, unavuna mara mbili kwa mwaka. Anza Hombolo, shuka Mpunguzi kwa barabara ya Iringa, upite Bihawana. Usitarajie chumba cha kuonjea chenye kochi. Utamkuta mkulima chini ya mti na ndoo zake, akimsubiri mnunuzi.

Mnunuzi huyo namkumbuka kuliko mwalimu wangu wa darasa la tatu. Alikuja na kidude kama darubini ndogo. Anaminya zabibu moja, tone linaangukia kwenye kioo, anafunika, anaelekeza juani, anafumba jicho moja. Baba anasimama pembeni hapumui. Sukari ikiwa chini, mnunuzi anatikisa kichwa na kuondoka na gari tupu, na zabibu haingoji kama mahindi, baada ya siku chache ni chakula cha nyuki. Kidude kilekile, sura ileile, nimekikuta Lodi kwenye mfuko wa yule bibi. Nikaomba nichungulie. Miaka hamsini na kitu, ndiyo kwanza naona alichokuwa anaona yule mtu: mstari tu wa bluu na nyeupe, na namba pembeni.

Safari iliyofuata nilimpelekea yule bibi wa Lodi chupa ya mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma, mpwa wangu alikuwa ameniletea. Tukaifungulia nyuma ya gari, mlango wazi, sufuria imefunikwa. Alinusa muda mrefu. Akaweka mdomoni, akatafuta ndoo kwa macho, ikawa iko mbali, akameza. Akauliza tunavuna mwezi gani. Nilipomwambia tunavuna mara mbili, aliniangalia kama ninavyomwangalia mteja anayeniapia kwamba mzigo wake haujazidi uzito.